Mluzi wa Saa Nne

Jumatatu, 6 Januari

Daktari Edina anasema mtu wa maabara asiyeandika ni sawa na mtu ambaye hakuja kazini. Kwa hiyo kule kwenye nyumba ya panya naandika daftari lake: joto la chumba, uzito wa kila panya, maji, chakula, saini. Hili hapa ni langu. Ni shajara ya mwaka mpya niliyopewa bure dukani kwa baba yake Bilkis, ina picha ya vigae kwenye jalada, nami nimeona aibu kuiacha tupu kama ya mwaka jana. Naitwa Matonya, miaka hamsini na minne, mhudumu wa wanyama hapa chuoni Dodoma. Mkataba wangu unaisha mwezi wa sita. Nimejitambulisha, ingawa sijui kwa nani.

Mvua jana jioni. Leo jua kali, matope yameshakauka.

Alhamisi, 9 Januari

Tumeanza. Panya kumi na wawili, weupe, na kila mmoja ana uzi mwembamba wa kioo uliopandikizwa kichwani na mtaalamu kabla ya Krismasi. Kwenye uzi huo mwanga unaingia ubongoni na kurudi, na kompyuta inausoma. Kazi ni ya Bilkis, binti wa Mzee Hasnain mwenye duka la vigae na mabomba, anayesomea shahada ya uzamili. Daktari Edina ndiye msimamizi wake. Mimi ni mikono tu.

Kila Jumatatu na Alhamisi, saa nne asubuhi, Bilkis anajaza sindano. Panya sita wanapata morfini, ile dawa ya maumivu ya hospitali, na sita wanapata maji ya chumvi ambayo hayana kitu. Zamu inayofuata wanabadilishana. Sindano zimeandikwa A na B, mimi ndiye ninayechoma lakini sijui ipi ni ipi, na ndivyo inavyotakiwa. Yeye anakaa chumba cha pili na kompyuta yake, mlango umefungwa.

Panya wa kwanza alitetemeka. Nikampigia mluzi, wa chini kwa chini, kama marehemu baba alivyokuwa akimpigia ng'ombe kabla ya kukamua ili ashushe maziwa asirushe teke. Akatulia. Nikawapigia wote.

Jumapili, 12 Januari

Kanisani, kisha ugali wa uwele na mlenda. Mama akauliza, "Ernest anakuja lini?" Nikamwambia barabara mbaya, mvua.

Barabara ya Mlali, anakoishi, haina ubaya wowote.

Jumatatu, 20 Januari

Bilkis ameniita chumba cha pili nione mstari kwenye kompyuta. Sijawahi kuitwa kuona chochote kwenye chumba kile, huwa naitwa kuhamisha meza.

"Shikamoo Mzee, karibu, kaa hapa."

"Marahaba. Nitasimama tu, suruali ina mavi ya panya."

Akacheka, akanionyesha. Mstari wa kijani unatambaa, halafu baada ya sindano ya morfini unapanda taratibu na kukaa juu. Ule wa maji ya chumvi unabaki umelala. Akanieleza kwamba ndani kabisa ya ubongo wa panya kuna sehemu ndogo kama punje ya uwele, na pale hutiririka kemikali inayoitwa dopamini. Nikasema, basi hiyo ndiyo furaha. Akakataa.

"Watu wengi husema hivyo. Mimi naiona kama mtu anayekuja kukugusa bega. Anakwambia hapa pana kitu, shika njia hii, usiisahau. Morfini inamfanya apige kelele kuliko chakula, kuliko maji, kuliko kitu chochote."

Nikamuuliza kama heroini ni hivyohivyo. Akasema heroini ikifika ubongoni hugeuka kuwa morfini, ni ndugu wa damu. Nikamwambia asante, nina mabanda ya kusafisha.

Alhamisi, 23 Januari

Mvua kubwa. Panya wazima.

Jumapili, 26 Januari

Mama: "Ernest anakuja lini?" Mke wangu Anyesi alinitazama nikijibu. Nilisema ana palizi.

Jumapili, 2 Februari

Leo nilimpigia simu mwenyewe. Ernest ni mdogo wangu, kitinda mimba wa Mama. Alitumia heroini miaka sita hapahapa mtaani kwetu Makole, akauza hadi bati la choo chetu. Kisha akaenda kwenye tiba, akamaliza, na sasa mwaka wa tatu yuko Mlali kwenye shamba la wajomba, analima karanga na kufuga. Kila mtu anamsifu. Lakini nyumbani kwangu hakanyagi. Mama miguu imeisha, macho yanafifia, anakaa kwangu kwa sababu ya kliniki ya presha, na kitu pekee anachotaka duniani ni kumwona mwanawe akiketi mbele yake na kula.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mama anakuulizia."

"Najua."

"Ukijua, njoo. Hata siku moja, uondoke jioni."

Halafu akasema ni ileile habari ya mashine. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kuna mashine ya kusaga, na nyuma yake ndipo alipokuwa akinunua. "Kaka, mwaka juzi nilifika stendi. Nikapanda pikipiki. Tulipokaribia nikasikia mkanda wa mashine unaanza kuzunguka, mate yakanijaa mdomoni, mikono ikatoka jasho. Sikuwa na hamu wala wazo. Mwili tu. Nikamwambia kijana wa pikipiki ageuze."

Nikamwambia mtu mzima wa miaka arobaini anaogopa mashine ya kusaga mahindi, hiyo ni mpya. Nikamwambia aseme tu kwamba ametusahau. Akasema, "Sawa kaka." Ndilo jibu lake, sawa kaka. Ningefurahi angenitukana.

Kisha akatuma gunia la karanga kwa basi, kana kwamba Mama alizaa karanga.

Alhamisi, 6 Februari

Bilkis anasema mstari wa maji ya chumvi umeinuka kidogo. Kidogo sana.

Jumatatu, 10 Februari

Umeinuka tena. Amebadilisha chupa za maji ya chumvi, akafungua boksi jipya. Kwenye chupa za morfini amezungushia utepe mwekundu.

Alhamisi, 13 Februari

Daktari Edina amekuja kuona. Ni mama mfupi, mwendo wa haraka, hana maneno ya akiba. Alitazama mstari, akavua miwani, akaivaa.

"Bilkis, maji ya chumvi hayajawahi kumfurahisha panya yeyote tangu dunia iumbwe."

"Najua, Daktari."

"Sasa huu mlima ni wa nini?"

"Sijui, Daktari."

Nilikuwa natoa takataka, nikazitoa polepole.

Jumapili, 16 Februari

Mama aliuliza.

Alhamisi, 20 Februari

Siku mbaya. Mstari wa maji ya chumvi umepanda hadi nusu ya ule wa morfini, panya wote kumi na wawili. Daktari Edina akafunga mlango lakini kuta zile ni za mbao laini. Alisema kuna maelezo mawili tu. Ama Bilkis anachanganya chupa, ama anazijaza kwa sindano iliyokwisha kugusa morfini. Vyote viwili ni uzembe. Na morfini si Panadol, inakaa kwenye kabati la funguo mbili, kila tone lina saini, na ikionekana imezagaa kwenye chupa isiyo yake, chuo kitafungiwa kibali. Alimpa hadi mwisho wa Machi. Mambo yasiponyooka, kazi inasimamishwa na jina lake linapelekwa kwenye kamati.

Bilkis alitoka macho mekundu. "Mzee, wewe umewahi kuniona nikizembea?"

"Hapana, mwanangu."

"Nami sijawahi kujiona. Ndicho kinachoniogopesha."

Kwao wote ni wafanyabiashara, yeye ndiye wa kwanza kwenda mbali hivi na shule. Mama yake alitaka asomee uhasibu. Nilirudi nyumbani na hasira, sijui nimkasirikie nani, nikamkasirikia Ernest kwa mazoea.

Jumamosi, 22 Februari

Nilikuwa natafuna karanga za Ernest na ndani yake mlikuwa na kijiwe. Jino la mbele la juu, ambalo lilikuwa bovu tangu mwaka jana, limekatika katikati. Maumivu hadi kisogoni. Anyesi alinipeleka kliniki ya meno kule mtaa wa Kikuyu, likang'olewa, nimeshonwa nyuzi mbili. Mdomo umevimba, sisemi vizuri, siwezi kula cha moto, siwezi hata kupiga mluzi, upepo unatoka tu. Mama alinitazama akacheka hadi akakohoa. Alisema sasa nafanana na babu yangu.

Hata karanga zake zina ugomvi na mimi.

Jumatatu, 24 Februari

Mdomo unauma. Kazi imekwenda. Bilkis alitoka chumba cha pili anakimbia: mstari wa maji ya chumvi umelala chini kabisa, kama Januari. "Mzee, nimeosha kila kitu kwa spiriti mara tatu!" Nikatabasamu kwa pengo langu, akashtuka.

Alhamisi, 27 Februari

Umelala.

Jumatatu, 3 Machi

Umelala. Bilkis amefunga, mfungo umeanza juzi. Anasema njaa haimsumbui, kinachomsumbua ni kwamba hajui alirekebisha kitu gani.

Alhamisi, 6 Machi

Umelala. Daktari Edina kapita, kasema, "Umeona? Ukiwa makini inawezekana." Bilkis akasema ndiyo, Daktari. Lakini alipoondoka akaniambia, "Mzee, nilikuwa makini vilevile mwezi uliopita."

Mvua imekata wiki nzima. Mahindi ya watu barabarani yamejikunja majani.

Jumapili, 9 Machi

Nyuzi zilitolewa zamani na uvimbe umekwisha. Jioni nikichota maji Anyesi akacheka: "Aa, filimbi imerudi." Kumbe nilikuwa napiga mluzi bila kujua. Unatoka na kaupepo pembeni lakini unatoka.

Mama aliuliza. Nilisema baada ya Pasaka, ili anyamaze.

Jumatatu, 10 Machi

Mstari umepanda.

Alhamisi, 13 Machi

Umepanda, zaidi ya Februari. Bilkis hakulia. Alikaa tu mikono mapajani. Kufunga kumemkondesha, au ni hili.

Jumatatu, 17 Machi

Daktari Edina amesema maneno ambayo sikuyapenda, ingawa yana akili. Alisema zile wiki mbili nzuri ndizo zinazommaliza Bilkis, kwa sababu zinaonyesha anaweza kufanya vizuri akitaka, basi wiki mbaya ni uzembe mtupu. Kamati itakaa tarehe 27. Bilkis akauliza kama anaweza kuacha mwenyewe kabla ya hapo, ili baba yake asisikie neno kamati. Daktari akasema afikirie hadi Ijumaa.

Jumatano, 19 Machi

Nimekaa barazani tangu nitoke kazini. Nilitaka kuona ni siku gani hasa mstari uliinuka mara ya kwanza, nikasoma daftari hili tangu mwanzo, kidole kwenye kila tarehe.

Wiki mbili nzuri zilianza tarehe 24 Februari. Jino langu liling'olewa tarehe 22. Wiki mbaya zilianza tena tarehe 10 Machi. Filimbi imerudi tarehe 9.

Na tarehe 9 Januari nimeandika kwa mkono wangu: nikawapigia wote.

Ukutani kwa nyumba ya panya kuna karatasi kubwa: KIMYA. HAKUNA REDIO, SIMU WALA KUIMBA. Nimepita chini ya karatasi ile kila siku. Mluzi sikuuhesabu kuwa kelele, kwa sababu hata mimi siusikii. Nikiwapima uzito siupigi, nikiwalisha siupigi. Naupiga pale tu ninaposhika sindano, kila Jumatatu na Alhamisi, saa nne. Sasa panya naye ana masikio. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu: mluzi, kisha sindano, na kila mara ya pili kwenye sindano kuna morfini. Hata ng'ombe wa baba angejifunza.

Bilkis hajachanganya chochote. Maji yake ya chumvi ni maji ya chumvi. Kilichowapandisha panya ni mdomo wangu.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekwenda kazini na maneno mdomoni, nikarudi nayo. Asubuhi nilibana midomo hadi ikaniuma. Mstari ukalala. Bilkis hata hakufurahi, alisema, "Leo umelala, Mzee, kesho utaamka," akaendelea kuandika barua yake ya kuacha.

Niliogopa. Sina neno jingine. Nina miaka hamsini na minne, mkataba umebaki miezi mitatu, nimevunja kanuni iliyo ukutani na kuharibu kazi ya watu ya miezi miwili. Nilijiambia nitaacha mluzi tu, mambo yatanyooka yenyewe, hakuna atakayejua. Lakini binti atakuwa ameshaondoka akiamini yeye ni mzembe. Atakaa dukani kwa baba yake akihesabu vigae na kuikagua mikono yake maisha yote.

Mficha uchi hazai. Marehemu baba alipenda kuusema, nami nilidhani unahusu uzazi tu.

Ijumaa, 21 Machi

Nimesema.

Nilikwenda ofisini saa mbili na nusu, kabla Bilkis hajafika na barua. Niliweka shajara mezani, nikafungua tarehe 9 Januari, kisha 22 Februari, kisha 9 Machi. Daktari Edina akasoma. Alisoma na habari za mlenda na za Ernest, sikuweza kumzuia. Alipofika kwenye jino akarudi nyuma, akasoma tena.

"Mzee Matonya."

"Naam, Daktari."

"Karatasi iliyo ukutani, niliibandika nani aione?"

"Mimi, Daktari."

"Piga."

"Nipige nini?"

"Huo mluzi. Hapa."

Nikapiga, mdomo umekauka, ukatoka vibaya. Aliegemea kiti, akatazama dari. Nilisubiri aseme nikachukue vitu vyangu. Akasema, "Bilkis akija mwambie asinipe barua yoyote. Na wewe usipige mluzi mpaka Jumatatu, hata kanisani."

Jumatatu, 24 Machi

Naandika yote, maana sitaki kusahau.

Daktari Edina alipanga mwenyewe. Hakuna sindano, hakuna kumshika panya. Nilisimama mlangoni kwa nyumba ya panya, mikono nyuma. Mlango wa chumba cha pili uliachwa wazi ili nami nione kompyuta. Panya namba saba alikuwa amelala, pua imeingia kwenye mkia. Mstari wake wa kijani ulikuwa unatambaa bila habari. Saa nne kamili Daktari akainua kidole.

Nikapiga mluzi.

Mstari uliruka. Haukupanda taratibu kama wa morfini, uliruka palepale, kabla sijamaliza pumzi. Panya akaamka, akasimama kwa miguu miwili, akageukia mlango nilipo, masharubu yanacheza. Sina kitu mkononi. Hakuna dawa, hakuna maji, hakuna chochote, ni sauti tu, na ubongo wake ulikuwa umeshaguswa bega.

Halafu kikaja kitu ambacho sikukitegemea. Panya alisubiri. Mstari ukashuka, ukapita pale ulipokuwa mwanzo, ukazama chini zaidi. Nikauliza pale pamekuwaje.

Bilkis alijibu bila kutoa macho kwenye kioo. "Hapo ametambua kwamba haiji."

Tulifanya kwa wote kumi na wawili. Wote vilevile. Wakati wa panya wa tisa hivi, nilimwona Ernest yuko juu ya pikipiki, mkanda wa mashine unaanza kuzunguka, mate yanamjaa, hana hamu wala wazo. Mwili tu, alisema. Nami nilimjibu nini? Nilimcheka. Nilikamilisha wale watatu waliobaki kwa sababu kazi ni kazi, lakini mluzi ulikuwa unanitoka kwa shida, na safari hii si kwa sababu ya pengo.

Bilkis alikuwa analia na kucheka. "Mzee, mwezi mzima nanusa chupa zangu!"

Nikamwomba radhi. Nilitaka kumwomba vizuri, kwa maneno yaliyopangwa, lakini nikasema tu, "Nisamehe mwanangu, sikujua kwamba napiga." Akasema alikuwa akiusikia siku nyingine kupitia mlango, mvua isipopiga bati, na alikuwa akiupenda. Hakuwahi kuufikiria hata kidogo. Mazoea yana taabu, yalitupata wote wawili.

Daktari Edina alimgeukia Bilkis, akasema mbele yangu, "Nilikosea juu yako. Nimeshawaandikia kamati." Sentensi mbili, basi. Kisha akanigeukia mimi: nitapata onyo la maandishi, litakaa kwenye faili, na mwezi wa sita tutaona. Na kuanzia kesho nipige mluzi kila siku ya kazi saa nne kamili, bila sindano, hadi atakaposema niache. Kazi ya Bilkis itabadilika jina na itamla muhula mmoja zaidi, lakini si ya kutupwa.

Nadhani mimi ndiye mtumishi pekee wa chuo aliyeandikiwa onyo kwa kupiga mluzi na akapangiwa ratiba ya kuupiga.

Jumatano, 26 Machi

Mluzi bila sindano. Mstari umeruka, kidogo chini ya jana.

Ijumaa, 28 Machi

Chini zaidi. Mvua imerudi, nzuri, ya kulala.

Jumatano, 2 Aprili

Bilkis ameniletea biriani ya Idi kutoka kwa mama yake. Mzee Hasnain ametuma salamu. Mstari: nusu.

Jumapili, 6 Aprili

Mama aliuliza. Kwa mara ya kwanza sikutunga. Nikamwambia, "Mama, Ernest haji hapa kwa sababu ya mashine. Si kwa sababu yako." Akafikiri. "Sasa mbona hukuniambia?" Nikamwambia sikuwa najua. Uongo mdogo. Niliambiwa, sikutaka kujua.

Ijumaa, 11 Aprili

Umelala. Napiga mluzi na panya namba saba hainui hata pua. Nikamwambia Bilkis, basi wamepona. Akasema tungoje Jumatatu.

Jumatatu, 14 Aprili

Kila panya amepewa sindano moja ya morfini. Mluzi marufuku leo.

Jumanne, 15 Aprili

Saa nne nimepiga mluzi, mikono mitupu. Mstari umeruka karibu sawasawa na ile siku ya kwanza. Wiki tatu za kuulaza zimeondoka kwa sindano moja.

"Haikufutika," Bilkis alisema. "Ililala tu."

"Na mtu je?"

"Mtu gani, Mzee?"

"Mtu tu. Aliyeacha miaka mitatu."

Alinitazama. Daktari Edina aliyasoma ya Ernest kwenye daftari hili, lakini sidhani kama alisema. Bilkis akajibu polepole. "Mtu ana mambo mengi kuliko panya, ana watu wake, ana kazi, anaweza kujiambia hapana. Miaka mitatu ni kazi kubwa. Ila ningekuwa mimi, nisingemwita aje kusimama kwenye mluzi ili anionyeshe kwamba amepona."

Jumatano, 16 Aprili

Nilipotoka kazini nilisimama kwenye kona ya mashine ya kusaga. Waliiwasha. Mkanda ulianza kupiga polepole, pap, pap, halafu ukashika kasi. Nimeishi karibu na sauti ile miaka ishirini na haijawahi kunifanya chochote. Ndiyo maana nilidhani si kitu. Nimeona aibu, aibu ya mtu mzima barabarani, watu wananipita na ndoo zao za mahindi.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeongea na jirani yetu Geofrey, mwenye gari. Anyesi anafunga vitu.

Jumamosi, 19 Aprili, Mlali

Mama amekaa mbele, mto mgongoni, amesinzia hadi Kongwa. Kutoka hapo hakusinzia tena, alikuwa anauliza kila mti.

Ernest alikuwa shambani anang'oa karanga. Aliona gari akasimama, mashina yananing'inia mkononi na udongo wake. Alidhani ni msiba, nilimwona usoni. Kisha akaona kilemba cha Mama kwenye dirisha.

"Mbukwa, mwanangu," Mama akamsalimu kwa Kigogo, kabla hata mlango haujafunguliwa. Ernest alipiga magoti palepale kwenye matuta. Mama akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakipapasa kama mtu anayechagua boga. Mimi nilimsaidia Geofrey kushusha vitu. Vitu vilikuwa vichache, nilivishusha kwa muda mrefu.

Baadaye Ernest akaja nilipokuwa.

"Shikamoo kaka. Umekuja kunichukua?"

"Hapana."

"Mashine bado ipo?"

"Ipo."

"Basi mimi siwezi—"

"Najua, Ernest. Ndiyo maana nimemleta yeye. Na nitamleta tena." Nikaona nikiishia hapo nitakuwa nimeficha nusu. "Yale niliyokwambia kwenye simu, nilikukosea. Sikuwa najua, na ulinieleza vizuri."

Hakusema sawa kaka. Aliinama akaokota karanga moja, akaimenya, akanipa. "Tafuna taratibu," akasema. "Nilisikia habari za jino."

Jua likiteremka alikwenda kukamua. Ana ng'ombe mmoja, mwekundu, mkaidi. Alikamua weee, ndoo kavu. "Leo ameona wageni, hashushi. Hebu mpigie, kaka, ule wa baba. Mimi sijawahi kuuweza."

Kwa muda nilisita, macho yakatafuta karatasi ukutani. Hapakuwa na ukuta. Nikapiga, na kaupepo kake pembeni. Ng'ombe akageuza sikio, akashusha pumzi, na maziwa yakaanza kugonga ndoo.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Manyunyu asubuhi. Ugali wa uwele, mlenda, na maziwa. Mama hakuuliza.